Chicago Carnegie Hall 1971: nani aliwanyonga wapulizaji?

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Jana nimemaliza albamu ya laivu ya Chicago, bendi ya roki ya Marekani, ile iliyorekodiwa ukumbi wa Carnegie Hall, New York, Aprili 1971. Santuri nne, pande nane, nimezisikiliza zote. Mimi napuliza tromboni, kwa hiyo nilikaa nikimsubiri James Pankow. Nimemsubiri mpaka sindano imenyanyuka.

Bendi ina watu saba, watatu wapulizaji: Lee Loughnane tarumbeta, Walter Parazaider saksafoni na filimbi, Pankow tromboni. Hao ndio walioifanya Chicago isiwe bendi nyingine tu ya roki. Pankow aliwapangia sauti zao kama vile anampangia mwimbaji mkuu, hawakuwa watu wa kujazia mapengo. Sasa weka santuri hii usikilize. Gitaa la Terry Kath liko usoni pako, ngoma za Danny Seraphine zinakupiga kifuani, halafu tarumbeta na tromboni zinasikika nyembamba, kavu, kama redio ya jirani. Na siyo masikio yangu mabovu. Pankow mwenyewe alilalamika kwamba vyombo vyao vilitoka kama kazoo, kile kidude cha watoto cha kuvumia mdomoni!

Najua utetezi. Ukumbi ni wa 1891, ulijengwa kwa muziki usio na vipaza sauti, ukiingiza humo magitaa ya umeme na ngoma za roki maikrofoni zinahangaika. Sawa. Lakini walipiga kuanzia tarehe 5 hadi 10, maonyesho manane! Usiku wa kwanza unasikiliza kanda, unagundua tromboni haipo, kesho yake unaisogeza maikrofoni. Kuna ugumu gani hapo? Mwaka uliofuata watu walewale walirekodiwa Osaka, Japani, na wapulizaji wanasikika wamejaa, mpaka pumzi unaisikia. Kumbe iliwezekana.

Kinachoniuma zaidi ni toleo la 2021. CD 16, maonyesho yote manane, na Loughnane mwenyewe alikaa na fundi kuzisafisha kanda. Humo tarumbeta ina mwili, tromboni ina kifua. Ina maana sauti ilikuwemo kwenye kanda siku zote! Miaka 50 watu tumeuziwa kivuli chake.

Kuitupa siwezi. Kath alifariki Januari 1978, na kumsikia akipiga jukwaani kwa kirefu namna hii ni nadra. Ndiyo maana nilitoa hela.

Na wewe muuzaji uliyeniandikia "kamili, haijaguswa": boksi hili lilitoka kiwandani na mabango makubwa ya picha, na maelezo ya kujiandikisha kupiga kura kwa majimbo ya Marekani, maana mwaka huohuo umri wa kura ulishushwa hadi 18. Mimi nimepata santuri nne na kadibodi. Nimekupigia mara tatu hupokei. Mabango yako wapi?

Mwenye ile ya Osaka akitaka tubadilishane aje PM. Naongeza hela juu.