Insha ya maelezo: ticha kaniandikia "unahubiri, huelezi", naombeni msaada

Mtoto_wa_Majengo
Shikamooni wakubwa. Niko form three hapa Moshi, ticha wa Kiswahili alitupa insha ya maelezo, swali "Eleza jinsi kihamba cha Kichaga kinavyofanya kazi", mi nikajaza kurasa tatu nikajua leo nimemaliza, kumbe nimerudishiwa 11 kwa 40 na kalamu nyekundu pembeni "unahubiri, huelezi". Nilianza hivi: "Kihamba ni kitu muhimu sana katika maisha ya mwanadamu. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Hivyo hatuna budi kutunza vihamba vyetu kwa faida ya taifa." Af nikaweka na KNCU (chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa huku kwetu) kuanzishwa 1933, mlima Kilimanjaro kuwa na mita 5,895, nikajua ndo pointi zenyewe. Natakiwa kuirudia mpaka jumatatu. Sasa kueleza ni nini kama hiyo sio kueleza??

dada_njiro
Marahaba mdogo wangu. Soma swali tena taratibu, limesema JINSI kinavyofanya kazi, halijauliza kama ni muhimu wala kama tukitunze. Sentensi zako tatu hakuna hata moja inayosema ndani ya kihamba kuna nini. Mtu wa Mtwara ambaye hajawahi kupanda huko juu akimaliza kusoma atajua kuna kitu kinaitwa kihamba na wewe unakipenda, basi.

Nilifundisha miaka mitano kabla sijaingia kwenye biashara, wanafunzi wangu nilikua nawaambia kabla hujagusa karatasi jibu swali kwa sentensi moja kama vile abiria mwenzio kwenye daladala kakuuliza na anakaribia kushuka. Mfano "Kihamba ni shamba linalozunguka nyumba ambamo miti, migomba, kahawa na mifugo vinalishana." Ona hilo neno vinalishana, ndo limebeba insha yote, kila aya inayofuata kazi yake ni kuonyesha nani anamlisha nani, na kama kuna aya haifanyi hiyo kazi itoe hata kama ni tamu.

Kamanda_Sakina
Mnampoteza dogo. Tuisheni sie tulikaririshwa utangulizi unaanza na maana ya neno kutoka kwenye kamusi, kiini, hitimisho, ukiruka hapo maksi zinaondoka. Hayo ya daladala akayafanye akishafaulu

dada_njiro
Kamanda muundo hajaukataa mtu, utangulizi na hitimisho vitabaki palepale. Ila maana ya kamusi ni ya kila mtu, msahihishaji anaikuta kwenye karatasi arobaini usiku mmoja hadi anasinzia. Maana atoe, lakini atoe ile itakayomsaidia mbele.

mama_kibosho
Mwanangu mi sio msomi ila nakaa humohumo kihambani, na kwenye hayo uliyoandika sijaona kitu ulichokiona kwa macho yako. Hapa kwetu mgomba ukishatoa mkungu, mzee anaukata, lile gogo analikatakata kwa panga anampelekea ng'ombe bandani, ng'ombe hatoki kwasababu eneo lenyewe dogo utamchungia wapi, af samadi inatolewa bandani inarudi palepale kwenye migomba. Juu ya migomba kuna miti mirefu kama mringaringa inatoa kivuli, chini yake kahawa, chini kabisa magimbi na mboga. Maji zamani yalikua yanashuka kwa mfongo, yaani mfereji, kutoka mtoni kule juu, na kulikua na zamu, ukichelewa zamu yako imekupita. Andika hayo. Ukisema "kwasababu" kila mahali hutakosea sana.

Mtoto_wa_Majengo
Asante mama, asante dada. Nimejaribu aya moja, niambieni: "Ng'ombe hufungiwa bandani kwa sababu eneo la kihamba ni dogo na hakuna mahali pa kuchungia. Hulishwa majani na magogo ya migomba iliyokwisha kuvunwa. Samadi yake hurudishwa kwenye mashina ya migomba, na migomba hiyo ndiyo itakayomlisha tena. Ng'ombe ni mnyama mpole anayependwa sana na jamii ya Wachaga."

mama_kibosho
Mpole?? njoo umkamue huyu wangu asubuhi 😂

dada_njiro
Hahaha. Tatu za kwanza safi kabisa, hata ambaye hajawahi kuona kihamba anaona mzunguko unavyoenda. Ya nne ifute, ushaanza kuhubiri tena. Jioni mtafute mtu hapo nyumbani asiyejua haya mambo, msomee kwa sauti, akikuuliza "kwanini" mahali weka alama, hapo ndo umeruka kitu.

Mtoto_wa_Majengo
Sawa dada. Na ile ya KNCU 1933 niiweke wapi?

dada_njiro
Inamlisha nani humo kihambani?

Mtoto_wa_Majengo
Dah. Naitoa