Madirisha ya zamani Tabora: kukarabati mninga, alumini au chuma?

Kiloleni_Kwetu
Mwangaluka wanajukwaa. Nyumba ya mama hapa Kiloleni ina madirisha ya mbao za mninga tangu enzi za mzee. Wavu umetoboka, fremu zimeliwa na mchwa kwa chini, mlango wa uani umelegea bawaba. Rangi inabanduka magamba na mjukuu anayaokota anatia mdomoni. Fundi mmoja anasema ng'oa yote weka alumini ya kusukuma, mwingine anashauri chuma. Mama hataki mninga wake uguswe. Nifanyeje?

Seremala_Ipuli
Ndugu, msikilize mama. Chukua bisibisi, choma fremu pale inapokutana na kizingiti. Ikizama kwenye ule weupe wa nje tu na kiini chekundu kikakataa, kata palipooza uunge kipande kipya. Ikizama mpaka ndani, fremu hiyo imekwisha. Mchwa hawakipendi kiini cha mninga, ila weupe wanautafuna vizuri tu. Mlango wa uani usisubiri: bawaba mpya, skrubu ndefu. Ukimwangukia mtoto hutajisamehe.

MamaTunu
Jamani, rangi kwanza! Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto inaharibu ubongo. Mpelekeni hospitali, mweleze daktari kabisa kwamba amekula magamba. Na fundi asipige msasa mkavu: alowanishe, atandike turubai, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Watoto walale kwa jirani mpaka kazi iishe.

Isevya_Mkongwe
Alumini hailiwi na mchwa wala haidai rangi, hilo nakubali. Lakini ya kusukuma inafunguka nusu tu, na joto la Oktoba mnalijua. Halafu wengi wakishafunga wanaingiza jiko la mkaa ndani. Gesi yake haina harufu, inaua watu usingizini. Chuma kinamzuia mwizi, ila bila rangi ya kuzuia kutu masika mawili matatu kimeanza kuliwa.

Nesi_wa_Cheyo
Mnabishana mbao na alumini, mbu anapita kwenye wavu uliotoboka! Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta malaria kwa karibu asilimia 23 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani kwetu, wakati kitaifa ilikuwa kama asilimia 8. Wavu mpya kila dirisha, mpira chini ya mlango, na uwazi kati ya ukuta na paa uzibwe kwa wavu pia, maana mbu wengi wanaingilia pale. Chandarua kibaki palepale.

Jingine: nondo zisichomelewe moja kwa moja vyumba vya kulala. Dirisha moja liwe na nondo za bawaba, ufunguo ukae ndani, mbali na mkono wa mwizi lakini kila mtu anapajua. Moto ukiwaka mlangoni, mama atatokea wapi?

Kiloleni_Kwetu
Asanteni sana. Mtoto anakwenda hospitali kesho asubuhi. Mninga unabaki, wavu na nondo nabadilisha. Fundi, kipande kipya naunga kwa misumari?

Seremala_Ipuli
Gundi ya mbao isiyoogopa maji, kiungo kiwe cha mshazari maji yateremke, ndipo skrubu. Usizibe tundu kwa saruji, inashika unyevu na mbao inaoza upya.