Tupeane uzoefu: uliyewahi kwenda kuona sanamu za barafu, ilikuwaje?

BintiMchongaji
Wakuu, habari za humu. Jana nilikuwa nasafisha simu ya zamani nikakutana na picha ya mzee wangu, Mungu amrehemu. Amesimama Kellogg Park pale Plymouth, Michigan, kofia imemfika machoni, kavua glavu moja, kidole kinaonyesha bawa la tai wa barafu. Nimeshindwa kulala, nikaona bora niandike.

Kwa asiyepajua, Plymouth ni kamji kadogo kati ya Detroit na Ann Arbor. Tangu 1982 wana tamasha la kuchonga barafu kila msimu wa baridi. Siku hizi huangukia mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Kuingia bure. Sanamu zinapangwa bustanini na mbele ya maduka, unajitembelea tu.

Mzee alikuwa Mmakonde wa Newala, amechonga mpingo pale Mwenge, Dar, miaka nenda rudi, zile ujamaa za watu waliobebana. Alipokuja kututembelea alikaa ndani wiki tatu, hataki hata kusogea dirishani. Siku hiyo nikambembeleza mpaka akakubali. Tumefika, jamaa mmoja ndiyo kwanza anawasha chensoo. Mzee akasimama. Saa mbili nzima, nyuzi nane chini ya sifuri! Nikimwambia baba twende tukanywe chai, ananijibu, "Subiri, hajatoa bawa." Jamaa alipoweka chensoo chini akashika patasi, mzee akanivuta mkono: "Ona anavyoishika. Huyu alifundishwa na mtu."

Kisha akataka nimtafsirie. Muulize nyuzi za hili gogo lake zinakwenda upande gani. Mchongaji akacheka kwa furaha, akasema barafu haina nyuzi kama mti, ila baridi ikizidi sana inakuwa kavu, inapasuka ovyo, kwa hiyo yeye anapenda iwe chini ya sifuri kidogo tu. Mzee akauliza tena, mbona inaangaza kama kioo wakati ya kwenye friji ina weupe katikati? Kumbe kuna mashine inagandisha kutoka chini kwenda juu, huku pampu inazungusha maji ya juu, hewa na uchafu vinasukumwa juu vinaondolewa. Siku kama tatu kwa bonge moja la kilo 136 hivi.

Kwenye gari akaniuliza ikiisha itapelekwa wapi. Nikamwambia baba, itayeyuka. Akanyamaza mpaka tunakaribia nyumbani. Akasema, "Kinyago changu cha kwanza Mzungu alikinunua siku ile ile nilipokimaliza. Sijakiona tena. Ni sawasawa tu."

Haya, nanyi leteni ya kwenu.

Chalinze_Boy
Aisee. Pole sana dada, mzee alikuwa fundi kweli.

MamaMapacha
Dada umenitonesha. Ya kwangu si ya kufurahisha ila naiandika kwa ajili ya wenye watoto.

Ilikuwa mji mmoja mdogo huko Ohio, mwaka wetu wa pili huku. Nilikuwa na pacha wangu, miaka sita, na mama mkwe. Niliwavisha soksi mbili mbili za pamba nikaona nimemaliza, na viatu vyenyewe vilishaanza kuwabana. Palikuwa na mtelezo wa barafu wa watoto, foleni ndefu. Barafu ikaingia kwenye kiatu cha Kulwa, ikayeyuka humo humo. Akaniambia mama vidole vinauma. Nikamwambia vumilia baba, tumekaribia. Baada ya muda akasema, "Mama, haviumi tena." Nami nikafurahi! Nikamshukuru Mungu kabisa.

Tumefika kwenye gari navua kiatu: vidole vitatu vyeupe kama mshumaa, vigumu, ukivigusa hasikii. Mama mkwe akaanza kumsugua kwa nguvu zote kama tunavyosugua mtoto aliyepigwa na baridi. Mimi nafungulia hita miguuni. Mama mmoja aliyekuwa anapita akagonga kioo, kumbe nesi. Akatupigia kelele tuache. Usisugue, nyama imeganda, unaichana kwa ndani. Usiweke kwenye hita, mtoto hasikii, ataungua bila kujua. Akaingia siti ya nyuma, akafungua koti lake, akaweka ule mguu wa mwanangu kwenye tumbo lake. Mtu asiyenijua! Akakaa hivyo mpaka hospitali.

Hospitali waliloweka mguu kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, wanapima kila mara. Pale damu inaporudi ndipo maumivu yanapoanza. Kilio kile nakisikia hadi leo. Vidole vilivimba malengelenge, lakini vilipona vyote. Jamani, mtoto akisema "haiumi tena", acheni kila kitu mkimbie naye ndani.

Mwl_Mstaafu
Pole sana mama. Ila tuseme sahihi: iliyoingia kiatuni ni theluji. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Theluji ndiyo hii laini inayodondoka.

Mchagga_Halisi
Mwalimu, sisi tumezaliwa tunauona mlima. Kambi ya mwisho kabla ya kilele kwa njia ya Machame inaitwa Barafu, iko mita 4,600 na zaidi, na usiku kinachodondoka pale ni hiyo theluji yako. Neno moja linatosha.

Mwl_Mstaafu
Jina la kambi si kamusi.

Bibi_Harusi_Tanga
Na za ukwaju tulizokuwa tunanunua kwenye mfuko wa nailoni nje ya shule, hizo tuziiteje?

MamaMapacha
Mwanangu nusura apoteze vidole, nyie mnagombania neno. Haya, theluji.

Mwl_Mstaafu
Samahani mama. Nimekosa.

Kaka_Tabora
Pamba ndiyo adui. Ikilowa haikauki, inafyonza joto. Soksi za sufu, jozi moja, kiatu kiwe na nafasi vidole vicheze.

DadaWaMinneapolis
Jozi moja haitoshi bwana, mimi navaa mbili na miaka tisa sijaganda. Uso upake mafuta mazito ya mgando.

Kaka_Tabora
Mbili sawa kama kiatu ni kikubwa. Zikibana damu haipiti. Na mafuta ya mgando yanazuia midomo kupasuka tu, hayazuii kuganda.

Mtoto_wa_Kahama
Konyagi kidogo kabla ya kutoka, mwili wote moto.

Kaka_Tabora
Usimdanganye mtu. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, unasikia moto huku joto la ndani linatoka. Chai ya tangawizi kwenye chupa, basi.

Mkisii_Ziwani
Wacha niseme yangu, sijawahi kuiandika mahali popote. Niko Minnesota. Kamji ketu kanachonga barafu kando ya ziwa. Usiku tumemaliza kuangalia, watu wanavuka ziwa kwa miguu kwenda walikoegesha magari, taa ziko ng'ambo pale. Mimi na beshte yangu tukaamua kukata njia ya peke yetu, karibu na mahali mto unaingilia. Hatukujua kwamba maji yanayotembea hufanya barafu kuwa nyembamba. Nilisikia mlio kama kitambaa kinachanwa. Kisha sikuwa na miguu.

Pumzi ilikatika. Unavuta hewa bila kutaka, unavuta, unavuta. Koti limejaa maji. Beshte yangu anapiga mayowe. Nilikuwa nimeona video moja kazini ya usalama, ikanijia: dakika moja tuliza pumzi, una kama dakika kumi mikono ifanye kazi. Geuka ulikotoka, kwa sababu huko barafu ilikubeba. Nikaweka viwiko juu, nikapiga mateke kama naogelea Nyanza. Barafu ikavunjika tena. Na tena. Mara ya tatu ikashika. Beshte amelala kifudifudi, akanirushia skafu, nikaizungusha mkononi. Nilipotoka sikusimama, nilibiringika kama gogo mpaka penye nyayo za watu.

Bibi_Harusi_Tanga
Subhanallah!

Chalinze_Boy
Nimesoma nimesimama. Ulipelekwa hospitali? Beshte yuko wapi sasa?

DadaWaMinneapolis
Niko jimbo hilo hilo na mwili umenisisimka. Ilikuwa na unene gani pale?

Mkisii_Ziwani
Hospitali nililala usiku mmoja. Beshte ndiye aliyesimama nami harusini. Unene: huku wanashauri sentimita kumi kwa mtu wa miguu, nasi hatukupima. Penye mto pengine hazikufika nne. Fuata njia ya watu wengi, na ukiweza zunguka kabisa.

Mtoto_wa_Kahama
Mimi nafuta ushauri wangu wa Konyagi.

Mama_Lubumbashi
Bandugu, mi niko Iowa. Siendi tena ku barafu hata bure. Mungu aliwachunga.

Msafiri_Kiruna
Msiogope wote. Mimi niko Sweden kaskazini, Jukkasjärvi, kijiji kina hoteli ya barafu tangu mwaka ule wa 1989 kuamkia 1990. Mabonge wanayakata mto Torne majira ya kuchipua, wanayahifadhi hadi baridi inayofuata. Ndani ni kama nyuzi tano chini ya sifuri, unalala juu ya ngozi ya kulungu wa huku. Niliamka salama nikaletewa juisi ya moto. Ila simu iweke karibu na mwili, betri inakata ghafla.

Chalinze_Boy
BintiMchongaji, hujatumalizia. Mzee alirudi tena kule?

BintiMchongaji
Hakurudi. Ila wiki ile ile alichukua beseni la kuogea watoto, akalijaza maji, akaliweka kibarazani likagandia usiku. Hana patasi, akatumia bisibisi yangu na kisu cha mkate. Ilipasuka mara mbili, akawa anaunganisha vipande kwa maji kama alivyomwona yule jamaa anafanya. Akatoa kobe. Katikati mweupe, jicho moja, lakini ni kobe. Kila asubuhi kabla ya chai anafungua mlango anamtazama. Jumapili ikanyesha mvua.

Picha ya huyo kobe sina. Nilitoa simu, mzee akanizuia.