Warushaji wa Mariners (besiboli, Seattle), Novemba 2025: tumfuate Skubal, tumuuze Castillo, au tutulie?

Mtani_wa_Tukwila
Wadau, poleni na baridi. Naylor kashasaini, miaka 5 kwa dola milioni 92.5, kwa hiyo habari ya besi ya kwanza imekwisha. Kinachoninyima raha sasa ni warushaji wa kuanza mechi. Tunao Woo, Gilbert, Kirby, Castillo na Miller. Ukiwasoma kwenye karatasi unaona kombe hili hapa. Lakini 2025 Kirby alianza msimu akiuguza bega, Gilbert akafuata na kiwiko, Miller naye kiwiko, halafu Woo akaumia kifua Septemba, akaukosa mtoano wote dhidi ya Detroit. Tumechukua ubingwa wa kundi letu, AL West, kwa mara ya kwanza tangu 2001 huku timu ikibebwa na fimbo. Raleigh kapiga homurani (mpira wa kuvuka uzio) 60! Mwaka 2024 ilikuwa kinyume chake kabisa, warushaji wanafanya maajabu na wapigaji wamelala.

Kwa ninavyoona njia ni tatu. Kwanza, kumwaga makinda tumlete Tarik Skubal, mrushaji wa Detroit Tigers. Pili, kumuuza Castillo tupate mpigaji, maana wapigaji wetu Polanco na Suárez mikataba yao imeisha, sasa Novemba 2025 ni wachezaji huru. Tatu, kukaa na watano wetu na kuomba uzima. Nyie mnasemaje?

KijanaWaKent
Skubal, bila kupepesa macho. Ile mechi ya 5 ya mtoano na Detroit mliiona au mlikuwa mmelala? Iningi 6 kati ya 9 za mechi, kawatoa wapigaji wetu 13 kwa straiki, saba kati yao mfululizo. Mkimbio mmoja tu tuliupata kwake, na huo ni Naylor aliyeiba besi ya tatu, Garver akamrudisha nyumbani kwa mpira wa juu. Tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, miaka miwili mfululizo, wastani wa mikimbio 2.21 kwa iningi tisa, straiki 241. Na huyu kasoma hapa hapa, Seattle University. Anarudi nyumbani tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Dada_Fimbo
Kaka, mbona umeiruka mechi ya 2? Polanco kampiga huyo huyo Skubal homurani mbili, tukashinda 3-2. Na hiyo ya 5 unayoisifia, tulishinda 3-2 vilevile, iningi ya 15. Mechi zote mbili alizoanza, Detroit ilipoteza. Sisemi si mkali, ni mkali kuliko wote. Nasema mrushaji mmoja anatupa siku moja kati ya tano, na hata siku hiyo akishatoka bado kuna iningi tatu za watu wengine.

Simba_wa_Detroit
Nawachungulia tu kutoka Michigan. Hapo Dada Fimbo umenitia kidole kwenye kidonda. Tulimtoa baada ya mirusho 99 tukiongoza 2-1, wakaingia warushaji wa akiba, Leo Rivas wenu akasawazisha dhidi ya Holton. Mengine mnayajua. Skubal hakufungwa, ni warushaji wetu wa akiba na fimbo zetu. Halafu mnaongea kama vile ameshabandikwa bei. Mmeisikia Detroit ikisema anauzwa?

KijanaWaKent
@Simba_wa_Detroit mkataba wake unaisha baada ya 2026 na wakala wake ni Boras, ambaye wateja wake hupenda kwenda sokoni. Mtamlipa nyie? Msipomuuza mtamwangalia anaondoka.

Mzee_wa_Kingdome
Vijana, mimi nimeifuata timu hii tangu enzi za Randy Johnson, kwa hiyo mnivumilie, nitaandika kirefu.

Februari 2008 tulikuwa hivi hivi, tunadai "kimebaki kipande kimoja". Tukaenda Baltimore kumchukua Erik Bedard, mkono wa kushoto, mtu wa straiki. Tukatoa watano: Adam Jones, Chris Tillman, George Sherrill na makinda wengine wawili. Bedard akaanza mechi 15 mwaka wa kwanza, 15 mwaka wa pili, na wa tatu hakuanza hata moja. Jones akaenda kuteuliwa kikosi cha nyota (All-Star) mara tano kwa watu wengine.

Kama hiyo mnaiona ya zamani, chukueni ya juzi. Februari 2024 Orioles walimchukua Corbin Burnes kwa mwaka mmoja wa mkataba, hali ile ile ya Skubal. Wakatoa Joey Ortiz, DL Hall na nafasi ya kuchagua chipukizi. Burnes akafanya kila alichoitiwa. Siku ya mtoano dhidi ya Kansas City alikwenda iningi 8, akaruhusu mkimbio mmoja. Wakafungwa 1-0. Kesho yake wakafungwa tena, msimu ukaisha, na Burnes akaenda Arizona kwa dola milioni 210. Wakala wake? Boras.

Kumbukeni kwamba Burnes hakuumia Baltimore wala hakuboronga. Alikuwa bora, na bado waliambulia patupu. Sasa Detroit wataanza kwa kumtaka kinda wetu Colt Emerson, kisha Kade Anderson tuliyemchagua wa tatu kwenye uchaguzi wa chipukizi Julai, kisha waseme "na mmoja wa wale watano wenu". Kwa mwaka mmoja? Mimi simo.

Rafiki_wa_Fenway
Mzee shikamoo, ila umechagua mifano inayokufaa. Mbona mrushaji Crochet humtaji? Desemba 2024 sisi Boston tuliwapa White Sox makinda wanne, Kyle Teel akiwemo. Watu walilia hapa mjini kama kuna msiba. Crochet kashinda mechi 18, straiki 255, na kabla msimu haujakolea tayari tulishamfunga miaka 6 kwa milioni 170. Biashara ya aina hii ina faida ukimnunua na kumsainisha.

Mzee_wa_Kingdome
Marahaba. Crochet alikuja na miaka miwili ya kubaki, na akakubali kusaini. Mteja wa Boras mwenye Cy Young mbili, akiwa amebakiza msimu mmoja kufika sokoni, atakusainia kwa lipi? Hapo ndipo hesabu yako inapoharibika.

BintiPwani
Mie naona Skubal anatupotezea muda, tuzungumzie Castillo, ambaye kweli anaweza kuondoka. Desemba anatimiza miaka 33. Anakula zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka hadi 2027. Wastani wake 3.54, sawa, lakini uwanja wetu unawabeba warushaji, hewa ya bahari ile usiku mpira hauendi popote. Na kwenye mechi ya 4 ya mtoano uliofuata, na Toronto, hakumaliza hata iningi ya tatu. Auzwe sasa wakati bado ana jina, pesa ile iende kwa Polanco au mtu wa besi ya tatu.

Namshukuru kwa 2022, zile iningi 7 bila mkimbio pale Toronto sitazisahau. Lakini shukrani hailipi mshahara.

Mtani_wa_Tukwila
@BintiPwani hoja nzuri, ila hebu hesabu mechi walizoanza. Castillo 32, Woo 30. Wengine wote walikosa zamu kwa majeraha. Mwenye miaka mingi ndiye ambaye hakukosa zamu hata moja! Warushaji ni kama matairi ya daladala, ukiyaona yote mazima ujue kuna moja linakaribia kupasuka. Akiondoka Castillo na kiwiko cha Miller kikigoma tena, Aprili tunaanza na Hancock, mrushaji wetu wa ziada, kila siku ya tano. Miller wastani wake ulikuwa 5.68, jamani.

BintiPwani
Miller huyohuyo aliyekwenda iningi 6 Toronto mechi ya kwanza na kutoa mkimbio mmoja?

Mtani_wa_Tukwila
Huyohuyo. Ndiyo maana sijui nimpange wapi.

Dada_Fimbo
Niongeze jambo ambalo mnalikwepa kwa sababu linauma. Mechi ya 7 na Toronto, Kirby alitoa iningi 4 na mkimbio mmoja. Kazi ya mrushaji wa kuanza ikaishia hapo, na tunaongoza. Iningi ya 7 Woo, ndiyo kwanza katoka kwenye jeraha, kaacha watu wawili kwenye besi. Kocha Wilson akamwita Bazardo. Muñoz, mkali wetu wa kufunga mechi, yuko kwenye akiba, hajaguswa. Springer wa Toronto akapiga homurani, mikimbio mitatu, 4-3, kwaheri World Series ambayo hatujawahi kuigusa tangu timu izaliwe. Sasa niambieni ni mrushaji gani wa kuanza angelizuia hilo? Pesa ya Skubal nipeni mikono miwili ya kushoto ya akiba, na mtu wa besi ya pili. Watano wabaki.

KijanaWaKent
Skubal angekuwa bado yuko uwanjani iningi ya 7, ndiyo jibu.

Dada_Fimbo
Mechi ya 5 alitoka baada ya 6.

KijanaWaKent
😐

Rafiki_wa_Fenway
Na yule kinda wenu anayerusha kwa mikono yote miwili, Cijntje? Huyo peke yake ni warushaji wawili kwa nafasi moja, mnaweza kumtoa bila kumgusa Emerson.

Mzee_wa_Kingdome
Huyo namtoa, kwa mpigaji mwenye miaka miwili au mitatu ya mkataba. Si kwa wa mwaka mmoja. Castillo abaki hadi Julai, tuone nani mzima, kisha tuongee tena. Gilbert ana hadi 2027, Kirby hadi 2028, hakuna anayetukimbiza.

Simba_wa_Detroit
Sawa, basi nimepiga hesabu kwa niaba ya mabosi wangu. Skubal kwa Woo na Emerson, tunawaongezea na nauli ya ndege.

Mtani_wa_Tukwila
Woo hauzwi.

BintiPwani
Woo hauzwi.

KijanaWaKent
Hata mimi, Woo hauzwi.