Kwa nini kundi la Hear'Say halikufikisha hata miaka miwili?

Santuri:
Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Nimekuwa nikifuatilia makundi ya muziki yaliyoundwa na televisheni nchini Uingereza, na nimekwama kwa Hear'Say. Vijana wale watano, Kym Marsh, Myleene Klass, Suzanne Shaw, Danny Foster na Noel Sullivan, walipatikana kwa mchujo wa kipindi cha Popstars kilichorushwa na ITV mwanzoni mwa mwaka 2001. Wimbo wao wa kwanza, Pure and Simple, ulitoka Machi mwaka huo, ukauza zaidi ya nakala nusu milioni kwa wiki moja. Oktoba 2002 wakatangaza kuachana. Kundi lililopendwa kiasi hicho lilizimikaje upesi namna ile? Je, kosa lilikuwa la waimbaji au la waliowaunda?

Mzee wa Redio:
Ndugu Santuri, nadhani neno "kupendwa" ndilo la kupima kwanza. Katika Popstars watazamaji hawakupiga kura. Walioteua walikuwa majaji watatu. Kwa hiyo mtu aliyekaa wiki nyingi sebuleni akiwatazama vijana wakilia, wakitolewa na wakirudi nyumbani, hakuwa na njia nyingine ya kushiriki isipokuwa kwenda dukani siku wimbo ulipotoka. Alinunua mwisho wa hadithi. Hata wimbo wenyewe haukutungwa kwa ajili yao, kwani kundi la wasichana la Girl Thing lilikuwa limekwisha kuurekodi. Wimbo wa pili nao ulishika nafasi ya kwanza, lakini wa tatu, Desemba 2001, uliishia nafasi ya nne, na hapo hadithi ya kipindi ilikuwa imekwisha kusahaulika.

Bi Kinanda:
Mzee wangu, nakubaliana nawe kuhusu hadithi, ila tusiwasahau wanadamu waliokuwa ndani yake. Watu watano wasiofahamiana walitakiwa kuwa marafiki mbele ya kamera na kutoa albamu mbili katika mwaka mmoja. Kym aliondoka Januari 2002. Nafasi yake ikajazwa na Johnny Shentall baada ya usaili uliotangazwa kuwa wazi kwa wote, na ilipojulikana kwamba alikuwa amewahi kucheza dansi na kundi hilo, watu waliona wamechezewa. Kwangu mimi hilo ndilo lililowamaliza, kwa sababu uwazi wa mchujo ndio uliokuwa mtaji wao pekee.

Linganisha na wale watano walioachwa katika hatua ya mwisho ya mchujo. Waliunda kundi lao, Liberty, ambalo baadaye lililazimika kuitwa Liberty X kwa sababu jina la kwanza lilikuwa na mwenyewe. Hakuna aliyewadai chochote, wakapata muda wa kutafuta sauti yao, na Mei 2002 wimbo wao Just a Little ukashika nafasi ya kwanza.

Santuri:
Nawashukuru sana, hasa kwa hoja ya kura, ambayo sikuwa nimeifikiria. Inanisaidia pia kuuelewa wimbo wao wa mwisho, Lovin' Is Easy, uliofika nafasi ya 6 Agosti 2002: nafasi ambayo kundi jingine lingeishangilia, lakini wao walipimwa kwa ile wiki moja ya Machi.