Mita 1500 mtindo huru: kuchomoka mapema, mwendo mmoja, au kusubiri mwisho?

Nahodha_Pangani
Wakuu, naomba ushauri. Jumamosi niliogelea 1500 kwenye bwawa la mita 50, nikamaliza kwa 21:40. Mia ya kwanza niliipiga kwa 1:12, ya pili 1:18, na kuanzia mita 800 kila mia ilikuwa 1:31 na zaidi. Mabega yaliwaka, miguu ikaanza kuzama, na jamaa wa njia ya 3 niliyekuwa nimemwacha mbali akanipita taratibu tu. Mazoezini napiga mia 10 kwa 1:24 kila moja, mapumziko sekunde 15. Nimebakiwa na wiki 6 kabla ya mashindano mengine. Nishike mwendo upi?

Kocha_Alfajiri
Pole sana kaka. Hiyo 1:12 ndiyo iliyokumaliza. Ukizidisha kasi mara mbili, maji yanakupinga mara nne, na nguvu unayotumia inafika mara nane. Sekunde ulizookoa mwanzoni ulizilipia kwa bei ghali mno.

Mimi ni wa mwendo mmoja. Mtazame Bobby Finke wa Marekani alipoweka rekodi ya dunia kwenye Olimpiki ya Paris 2024: 14:30.67, yaani wastani wa sekunde 29 kila mita 50, mara 30! Wewe lenga 1:25 kila mia, ambayo inakupa 21:15. Ule mruko wa kuanzia unakupa nafuu ya sekunde kadhaa, kwa hiyo mia ya kwanza ikisoma 1:21 usishtuke. Ikisoma 1:15, umeshaharibu.

Mchapa_Teke
Kocha, shikamoo. Lakini huyo huyo Finke alishinda Tokyo kwa njia nyingine kabisa. Kwenye 1500 alikaa nyuma ya wapinzani wake Romanchuk na Wellbrock, halafu mita 50 za mwisho akazipiga kwa 25.78 akawapita wote wawili. Kwenye 800 alifanya hivyo hivyo, mita 50 za mwisho kwa 26.39. Mimi naona kusubiri kunalipa, hasa kama una teke zuri.

Kocha_Alfajiri
Marahaba. Umesema kweli, ila linganisha saa. Tokyo dhahabu ilipatikana kwa 14:39.65. Paris aliongoza tangu mapema, akaogelea sekunde 9 chini ya hapo, akaifuta rekodi ya Sun Yang iliyokaa tangu 2012. Kusubiri kunakupa medali pale wenzako wanapokubali kwenda taratibu. Nahodha anataka kushusha muda wake, hana mtu wa kumvizia. Tena hata Tokyo, kabla ya zile 50 za mwisho alikuwa anakwenda sawa na wanaoongoza, hakuwa amepumzika.

Binti_Nungwi
Mimi huogelea baharini, na huko hesabu hubadilika. Ukikaa nyuma ya miguu ya mwenzako unabebwa na maji yake, kwa hiyo kusubiri ni akili. Oussama Mellouli wa Tunisia alishinda 1500 bwawani Beijing 2008, kisha kilomita 10 za maji ya wazi London 2012, na kila moja ina ujuzi wake. Bwawani kila mtu ana njia yake, msaada huo ni mdogo.

Kaka Nahodha, hesabu mikono, yaani mara unazovuta maji kwa mkono. Mimi bwawani hutumia mikono 38 kwa mita 50. Ikifika 43 na muda ni ule ule, najua mwendo umeshanishinda ingawa saa bado haijasema. Hapo narefusha mkono, nasukuma ukuta vizuri kwenye kugeuka, siongezi nguvu.

Mchapa_Teke
Hilo la mikono nalichukua, dada. Bado nashauri mia ya mwisho aiachie yote.

Kocha_Alfajiri
Mia ya mwisho sina ubishi. Aanze kuongeza kasi ya teke la miguu akigeuka kwenye 1400, si kabla.

Nahodha_Pangani
Wakuu, narudi baada ya wiki 4. Jana nilijipima. Mia ya kwanza 1:21, na nilijiona kama nimelala, wenzangu wawili walikuwa mbele. Zile 13 za kati karibu zote 1:25. Kwenye mita 1000 mikono ilipanda kutoka 40 hadi 42, nikarefusha, ikarudi. Mia ya mwisho 1:20. Jumla 21:06.

Dada Nungwi, ukivuta pumzi kila mikono mitatu, unaishikaje hesabu ukichoka? Kwenye 1200 niliipoteza mara mbili.

Binti_Nungwi
Hongera sana! Hesabu mkono wa kulia tu, kisha zidisha mara mbili ukifika ukutani.