Kaunta ya spea wanasema ni fundi, fundi wanasema ni spea. Nimfuate nani?

Mngurumo
Habari zenu wakuu. Naomba mwenye uzoefu na mawakala wa magari, hawa wenye ukumbi wa mauzo mbele na karakana nyuma, anisaidie.

Gari langu lilikuwa linaunguruma mbele kushoto. Sauti inapanda na mwendo, na nikikata kona ya kulia inazidi. Karakana yao wakalinyanyua, wakazungusha tairi kwa mkono, wakasema beringi, ile pete ya gololi ambayo gurudumu huzungukia, imekwisha. Sawa. Nikaelekezwa kaunta ya spea, jengo hilohilo, mlango wa pili. Nikalipia beringi, nikapewa risiti, nikaibeba mwenyewe mpaka dirisha la huduma. Hapo nikalipia ufundi, risiti nyingine.

Mngurumo umeisha kabisa, kwa hilo siwadhulumu. Lakini sijafika mbali, taa ya ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, ikawaka. Nikageuza gari. Kijana wa dirishani, macho yakiwa kwenye kompyuta, akasema beringi niliyouziwa ni mbovu, nenda spea. Karani wa spea akaitazama risiti mbele na nyuma, akasema beringi ikishapigwa presi, yaani kusukumizwa mahali pake kwa mashine, hairudishwi, na isitoshe beringi haiwashi taa, hayo ni mambo ya fundi. Nikarudi dirishani. Jibu mnalijua. Wote wamevaa shati la rangi moja na nembo moja kifuani, ila kila mmoja anamtaja mwenzake kama mtu asiyemfahamu.

Gharama hii ni ya nani? Na hiyo taa, naweza kuendelea kuendesha?

Dereva Mkongwe
Kuhusu taa: ikiwa ni ya ABS peke yake, breki za kawaida zipo, ila ukikanyaga kwa nguvu kwenye utelezi magurudumu yanaweza kujifunga. Endesha taratibu na acha nafasi mbele yako. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, paki gari na usilisogeze. Kuhusu watu wa kaunta, mimi nilishakata tamaa, wengine watakujibu.

Kaunta ya Nyuma
Mkuu Mngurumo, nimefanya kazi kaunta ya spea kwa wakala kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusu nimseme karani mwenzangu: kusema beringi haiwashi taa si kweli. Beringi nyingi za magari ya kisasa zina pete ya sumaku imefichwa kwenye sili ya upande mmoja. Kwa macho inafanana na mpira wa kawaida tu. Sensa ya ABS, kifaa kidogo cha kupima mwendo wa gurudumu, inasoma sumaku hiyo tairi likizunguka. Fundi akiipiga presi kinyume, upande wa sumaku unatazama nje, sensa haioni kitu, taa inawaka. Beringi yenyewe itazunguka kimya na vizuri, kama ulivyoeleza. Ndiyo maana mngurumo wako umekwisha na taa imekuja.

Lakini usikimbilie kumhukumu fundi. Kuna njia mbili nyingine za kufika hapo. Ya kwanza ni kuuziwa beringi isiyo na sumaku kabisa, kwa sababu modeli moja ya mwaka mmoja inaweza kuwa na beringi za aina mbili. Je, karani alikuomba namba ya chesisi, au alikuuliza tu "gari gani, mwaka gani"? Kama ni hilo la pili, alibahatisha. Namba ya chesisi ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na humo hamna I, O wala Q, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Ukiona karani ameandika O, jua hakuitazama, ameipata kwa masikio. (Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi kuliko hiyo, msishangae.) Usiogope namba ya boksi ikitofautiana na ya beringi ya zamani, kwani viwanda hubadilisha namba za spea na mpya hurithi kazi ya ile ya zamani. Kompyuta ya kaunta inaonyesha urithi huo. Mwambie akugeuzie skrini uone.

Njia ya pili ni sensa yenyewe. Ikishika kutu kwenye tundu lake huwa inakatika wakati wa kuchomolewa.

Kuna swali kubwa kuliko yote haya: kwa nini uliibeba beringi wewe? Gari likiwa ndani ya karakana yao, fundi ndiye anayeomba spea, kaunta inaitoa kwa jobu kadi, ile karatasi ya kazi ya gari lako, na wewe unapata ankara moja. Hapo kosa likitokea, liwe la spea au la mkono, ni lao. Ukinunua kaunta na kulipa ufundi pembeni, kwenye vitabu vyao wewe ni wateja wawili. Dhamana ya spea ya kaunta mara nyingi inakupa spea nyingine tu, haigusi ufundi. Idara hizi mbili zina mameneja wawili na malengo mawili ya mwezi, na hakuna anayetaka hasara iandikwe upande wake. Wewe unazungushwa kwa sababu hiyo, si kwa sababu hawajui tatizo.

Mngurumo
Mkuu nimeelewa mengi. Namba ya chesisi hakuniomba, aliuliza modeli na mwaka. Na kuibeba mimi waliniambia ndiyo utaratibu "ili isichelewe". Sasa nikirudi nianze na nani?

Foremani Mstaafu
Naomba kutofautiana kidogo na Kaunta ya Nyuma. Habari ya ankara iache kwanza, anza na gari. Yule kijana wa dirishani si fundi. Kazi yake ni kuandika na kupokea simu, na huenda gari lako hajaliona. Usibishane naye. Omba foremani, yaani mkuu wa mafundi, kwa upole, na umwombe akae nawe garini akiwa na mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Aifungue pale inapoonyesha mwendo wa kila gurudumu, nawe uendeshe polepole. Matatu yakisoma na la mbele kushoto likabaki sifuri, mmeona wote wawili, na hakuna wa kukutuma mlango wa pili. Akuchapie ukurasa ule wa misimbo ya hitilafu.

Jambo jingine. Wakikubali kuifungua, wasikuambie wataigeuza hiyohiyo. Beringi ikishatolewa kwa presi, nguvu imepita kwenye gololi zake. Itanguruma tena baada ya muda mfupi. Iwe mpya.

Kaunta ya Nyuma
Foremani amesema kweli, gari kwanza. Ila Mngurumo atoke na ukurasa huo mkononi na awaite mameneja wote wawili mezani pamoja. Mmoja mmoja watamrudisha kulekule.

Mngurumo
Nimerudi na majibu. Foremani alikubali kupanda, mzee mmoja mtaratibu sana. Magurudumu matatu yalisoma, la kushoto sifuri. Hakusema neno, akaliingiza gari ndani mwenyewe. Wamefungua: upande wa sumaku ulikuwa unatazama nje. Kwa hiyo spea walinipa sahihi bila hata kuuliza chesisi, bahati yao. Meneja wa huduma amekubali beringi mpya na ufundi bila malipo. Meneja wa spea alikuja mezani, akasikiliza, akaondoka ametulia kuliko mtu yeyote mle ndani.

Ila kwenye jobu kadi mpya wameongeza mstari: sensa ya ABS, mteja alipie. Kijana wa dirishani anasema ni tahadhari, kwa vile wameshafungua. Wananisubiri nisaini. Nisaini?

Kaunta ya Nyuma
Usisaini. Wafunge beringi, wafute misimbo, uende barabarani na mzee huyohuyo na mashine yake. Manne yakisoma sawa, sensa yako ni nzima na mstari huo wakate kwa kalamu mbele yako. Isiposoma, waulize ilikatika mikononi mwa nani, maana kabla hawajafungua gari mara ya kwanza taa haikuwa inawaka. Na hiyo beringi mpya, safari hii aifuate fundi kaunta.

Foremani Mstaafu
Na aipige presi huyo mzee, si yule wa mwanzo.